Raheli Mbodze Aliyejua Asiseme

Imepokewa kutoka kwa waumini wa kwanza wa Kanisa la Methodisti la Mwandodo, mji mdogo nyuma ya vilima vya pwani, kwamba katika miaka ya vita vya Wazungu aliishi pale mjane mcha Mungu aitwaye Raheli Mbodze. Kanisa lilikuwa la udongo na makuti. Raheli ndiye aliyelikandika kwa mikono yake, na kila Jumamosi aliwafundisha watoto Amri Kumi humo ndani.

Mwaka huo ikatoka amri kwamba vijana wote wachukuliwe wakabebe mizigo ya jeshi. Waliotangulia hawakurudi, zilirudi habari zao tu, za homa na njaa. Basi vijana kumi na wawili wa Mwandodo wakakimbilia msitu ulio kando ya mto, wakingoja maji yapungue wavukie ng'ambo, ambako amri hiyo haikufika. Raheli aliwapelekea unga.

Asubuhi ya Alhamisi akafika bwana wa wilaya, na askari wanane na mkalimani. Watu wakakusanywa mbele ya kanisa. Mwinjilisti Yeremia Chivatsi, mtu mwema lakini mwenye hofu, akamnong'oneza Raheli: "Dada, wewe sema hujui. Neno moja tu, na Mungu atalisamehe."

"Na Jumamosi nitawaambia nini watoto?"

Bwana alipouliza vijana wako wapi, watu wote waliinamisha vichwa. Raheli akasimama, magoti yakimtetemeka chini ya kanga.

"Ninajua walipo," akasema. "Sitasema."

Mkalimani akasita. "Mama, nimwambie hukusikia swali?"

"Nimelisikia vizuri. Mwambie kama nilivyosema, usipunguze neno."

Bwana akaghadhibika, akaapa kulichoma kanisa. Raheli akageuka akazitazama kuta. Alama za vidole vyake zilikuwa bado zinaonekana. Moyo ulimuuma mno.

"Lichomeni," akasema. "Tunayemwabudu humo hachomeki."

Makuti yakashika moto, na kabla ya adhuhuri paa lote lilikuwa chini. Raheli akaketi mbele ya majivu, akaanza kuimba tenzi.

Bwana akaona hana haja ya kuwasumbua askari msituni, maadamu mdomo wenye jibu uko mbele yake. Akapiga hema, akaamuru mjane aketishwe juani mpaka aseme. Kila asubuhi aliulizwa, na kila asubuhi jibu lilikuwa lile lile. Midomo yake ikapasuka kwa kiu. Siku ya pili watu wakaanza kuja, mmoja mmoja, wakaketi kando yake. Wa mwisho alikuwa Yeremia. Alisimama mbele ya askari, akasema kwa sauti iliyosikika hemani: "Na mimi ninajua. Na mimi sisemi."

Jumapili walifanya ibada juu ya majivu, askari wakiwatazama. Alasiri ikaja habari: mto umepungua, na vijana wote kumi na wawili wamevuka.

Hema likang'olewa. Mkalimani akabaki nyuma kidogo, akamwinamia Raheli.

"Mama, ungesema hujui, tungeingia msituni Alhamisi ile ile. Tungewakamata wote."

Raheli akainuka, akajikung'uta majivu. Hilo hakulijua, alichojua ni kwamba hatasema uongo, wala hatawatoa watoto wa wenzake.

"Basi Mungu alilijua," akasema. "Sasa tupisheni, baba. Tuna udongo wa kukanyaga."

Jumatatu kuta zilianza kukandikwa upya, na Yeremia ndiye aliyechota maji.

Enyi wapendwa, huyu hakuwa na bunduki wala cheo, na kusoma hakujua. Mola atujalie ulimi kama wake, usiodanganya na usiouza watu. Na siku tutakapoulizwa, atupe nguvu za kusimama, hata kama magoti yanatetemeka.