Chupa Saba za Tabibu Mwinyimvua

Palikuwa na tabibu katika mji wa Kilangwe, jina lake Mwinyimvua, bingwa asiyejua kukosea. Angekoseaje, na maradhi yote aliyatibu kwa dawa zile zile saba? Ya kwanza ya ugonjwa. Ya pili ya kutuliza tumbo lililochafuliwa na ya kwanza. Ya tatu ya kumwamsha aliyelazwa na ya pili. Hivyo hivyo hadi ya saba, nayo ilikuwa ya kumsahaulisha mgonjwa bei. Vyeti vya dawa aliviandika alfajiri, kabla hajaonana na mtu, akaacha nafasi ya jina tu. Kazi zilimzidi, maskini!

Duka la dawa mjini lilikuwa moja, mali ya shemeji yake, Liwali Badrani. Naye Liwali, kwa jinsi alivyowahurumia wagonjwa, alitoa amri: aliyeandikiwa dawa azinunue zote na azinywe zote. Akishindwa, mali yake ichukuliwe.

Basi Bi Mize, mjane mfinyanzi, alishikwa na kikohozi kwa moshi wa tanuri. Akaenda kwa tabibu, akapewa cheti cha chupa saba. Akasema, "Nipe ya kikohozi, bwana. Hizo sita wape wenye afya." Kesho yake askari wakaja kumfungua mbuzi wake wa maziwa, aliyekuwa ndiyo riziki ya wajukuu wake, wakamburuta hadi barazani kwa Liwali. Bi Mize akawafuata nyuma, roho juu, machozi ameyameza.

"Bi Mize," akasema Liwali, "unaikataa afya?"

"Nakataa chupa sita, bwana. Afya naitaka."

"Umesomea utabibu wewe?" akafoka Mwinyimvua, aliyeketi kando ya Liwali.

"Sikusomea. Lakini mimi hata chungu hukitazama kwanza, ndipo niseme kibovu."

"Miaka thelathini natibu mji huu! Hajarudi hata mmoja kulalamika!"

"Kweli, bwana. Tumewazika."

Watu barazani wakashikwa na kikohozi cha ghafla. Liwali akawakazia macho, kikohozi kikapona bila dawa.

"Haya, nimekosa," akasema Bi Mize. "Basi, tabibu, nitazamie na mwenzangu wa nyumbani. Hali yake mbaya. Tumbo kubwa, jasho linamtoka kutwa, na mdomo haufumbiki."

"Jina?"

"Kombo."

Mwinyimvua akachomoa cheti, akajaza jina, akagonga muhuri. Wino wa orodha ya dawa ulikuwa umekauka tangu alfajiri.

"Chupa saba," akasema.

Liwali akachekelea hadi magego yakaonekana. "Kamlete Kombo anywe hapa hapa, mbele yangu. Sitaki ukaidi mwingine."

Bi Mize akaenda, akarudi na mtungi mkubwa kichwani, una ufa ubavuni, maji yanamchuruzikia shingoni. Akautua mbele ya Liwali.

"Kombo ndiye huyu, bwana."

Baraza likaangua kicheko. Liwali akasimama. "Mwanamke, huu ni mtungi!"

"Ni mgonjwa, bwana. Cheti chake hiki, na muhuri wa tabibu huu hapa. Au tabibu aliandika bila kuuliza mgonjwa ni nani?"

Liwali akamgeukia shemeji yake. Mwinyimvua akatazama dari. Akisema aliuliza, aibu. Akisema hakuuliza, aibu zaidi.

"Malipo mmeshachukua, mbuzi wangu yule pale," akaendelea Bi Mize. "Na amri ni yako mwenyewe: aliyeandikiwa azinywe zote. Leteni chupa, tummiminie mgonjwa."

"Wazimu!" akapiga kelele Liwali. "Dawa ghali namna hii, zikamwagwe bure kwenye mtungi uliopasuka?"

Bi Mize akaishika kamba ya mbuzi wake.

"Hilo ndilo nililosema jana, bwana, zilipotaka kumwagwa tumboni mwangu."