Nakiete Aliyelia Gulioni

Sogeeni, wajukuu zangu. Nawe unayetafuna muwa, tafuna kimya. Zamani, zamani hasa, milima hii ilipokuwa bado haijapewa majina, palikuwa na gulio kubwa, na gulioni palikuwa na mfinyanzi akiitwa Nakiete.

Gulio lile lilikuwa na mwiko: fundi halii mbele ya mwenzake. Jembe likikuvunjikia, nyamaza. Ngozi ikikuozea, nyamaza. Ukiulizwa habari za kazi, sema njema. Njema, njema, njema! Gulio zima njema.

Basi vyungu vya Nakiete vikaanza kupasuka motoni. Akafinyanga, akachoma, vikapasuka. Akafinyanga tena, akachoma, vikapasuka. Mara ya tatu alikaa kando ya majivu akajiinamia, maana kazi ile aliachiwa na mama yake, na nyingine hakuijua.

Mruma, mkuu wa gulio, akamfuata nyumbani.

"Pole, Nakiete. Wenzako wote wanastawi, ni wewe tu. Nipe hivi vichache vilivyopona kwa ungo mmoja wa mtama, nami nitakufichia aibu yako."

Nakiete akampa. Mnamlaumu? Msimlaumu. Aibu humfunga mtu mdomo kuliko kamba.

Lakini siku ya gulio alimwona Mbonea mhunzi akificha jembe haraka haraka chini ya ngozi ya mbuzi. Jembe limekatika shingoni. Nakiete akalitazama, akamtazama Mruma akipita kwa madaha, akayakumbuka maneno yake: ni wewe tu. Akainua chungu kilichopasuka, akasimama katikati ya watu.

"Vyungu vyangu vinapasuka! Mara tatu sasa, na sijui kwa nini! Anayejua aniambie!"

Mtu mmoja akacheka, akakosa wa kucheka naye.

"Kaa chini!" Mruma akafoka. "La sivyo nitawatangazia watu wote kwamba hujui kufinyanga."

"Nimeshawatangazia mwenyewe," akajibu Nakiete. "Una nini tena cha kunitishia?"

Mbonea akalitoa jembe lake. "Yangu yanakatika, dada. Naye Mruma aliniambia ni mimi tu."

"Na mimi magadi yangu yanatoka machafu," akasema Bibi Nanzia, aliyekuwa akichemsha magadi. "Aliniambia ni mimi tu!"

Watu wakatazamana. Mruma akapiga fimbo chini. "Atakayekaa kuzungumza shida za kazi asikanyage hapa tena!"

Nakiete akakaa, palepale njiani. Mbonea akakaa. Bibi Nanzia akakaa, magoti yakimlia. Wakakaa mafundi kumi na mmoja. Walinzi wa gulio wakaja na fimbo.

"Tupigeni," akasema Nakiete. "Mkimaliza, tutaendelea tulipoishia."

Mlinzi wa mbele akamwona mama yake kati ya waliokaa. Akashusha fimbo.

Ndipo Bibi Nanzia akamuuliza Nakiete, "Mwanangu, udongo unauchota wapi?"

"Bondeni, mto ulipohama."

"Lo! Huko ndiko ninakochota magadi! Udongo wa magadi hauvumilii moto. Kachote kilimani."

Nakiete akamgeukia Mbonea. "Jembe likitoka motoni unalifanyaje?"

"Nalitumbukiza majini."

"Chungu changu ningekifanya hivyo kingevunjika. Liache lipoe majivuni, taratibu."

Mbonea akaguna. Mhunzi afundishwe na mfinyanzi! Lakini alifanya, na jembe likalima msimu mzima. Nakiete alipochoma tena, vilipasuka viwili tu, na hivyo viwili akavileta gulioni mwenyewe, akavionyesha. Magadi ya bibi? Hayo hayakupata dawa upesi. Kila gulio alirudi kusema, "Bado," nao kila gulio wakakaa naye njiani, Mruma akiwazunguka kama maji yanavyozunguka jiwe.

Wajukuu zangu, mficha maradhi, kifo humuumbua. Na mtu akikutaka unyamaze juu ya kidonda chako, mtazame vizuri: huenda kimya chako ndicho chakula chake.

Kisa nimekitua hapa. Mwenye mgongo na akibebe.