Kabula na Kinu cha Mavuno

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, na wa nyuma wasikie. Hapo kale, kuku walipokuwa bado wanaamkia watu, palikuwa na bibi mmoja kijijini, Nyanzobe, na mjukuu wake, Kabula.

Kabula alikuwa na miaka kumi na minne mamba alipomkamata mtoni. Watu walimwokoa, lakini mamba aliondoka na mkono wa kushoto. Kidonda kikapona. Kabula akacheka tena, akachota maji tena. Jambo moja tu lilimkaa rohoni: kinu.

Maana pale kijijini, mtama wa kwanza wa mavuno hutwangwa na wasichana watatu katika kinu kimoja. Mchi unatua, twi! Unaurusha juu, unapiga kofi, pa! Unaudaka. Twi, pa! Twi, pa! Asiyetwanga hachezi ngoma ya mavuno. Na Kabula alipenda ngoma kuliko asali.

"Bibi, nitapigaje kofi kwa mkono mmoja?"

"Sijui. Ngoja nikaulize."

Bibi hakwenda kwa mganga. Alijifunga mkono wake wa kushoto mgongoni, akashika mchi. Twi! Mtama ukamwagika. Kuku, mbio! Kesho yake, twi! Kuku, mbio! Majirani wakashika mbavu.

"Bi Nyanzobe, unatwanga au unafuga?"

"Vyote! Nyinyi chekeni, kuku wananenepa."

Siku ya saba Kabula akasikia uani: twi, pa! Twi, pa! Akatoka mbio. Bibi alirusha mchi, akajipiga pajani, pa! Akaudaka.

"Nimeliuliza paja," akasema, jasho likimtiririka. "Limekubali. Njoo, mjukuu wangu, uulize la kwako."

Kabula alimwaga mtama mpaka kuku wakashiba, wakalala. Kisha siku moja, twi, pa!

Mavuno yakafika. Kabula akasimama kinuni na wasichana wenzake wawili, Holo na Milembe.

"Ukiniangushia mchi mguuni," Milembe akanong'ona, "utanibeba mpaka ngomani."

"Kwa mkono upi?"

Wakaangua kicheko, wakaanza. Wao kofi, yeye paja. Na paja likavuma kuliko kofi! Kabla mtama haujalainika, wote watatu walikuwa wanajipiga mapaja, na wazee uwanjani nao, pa! Jioni ile Kabula alicheza mpaka vumbi likaomba kupumzika.

Bibi Nyanzobe alishakufa zamani. Lakini wasichana wa kijiji kile bado hutwanga kwa paja, hata wenye mikono miwili.

Basi, anayetaka kumwonyesha mwenziwe njia, aipite kwanza yeye. Hadithi yangu imeishia hapo, chini ya kinu. Pumba wapeni kuku.