Kwa Nini Watu wa Sibukan Huchovya Mkate kwenye Supu

Ninyi mnaochovya mkate katika kila kitu, mpaka chai ya jirani, sogeeni, maana habari hii inawahusu. Na yule anayecheka kule nyuma avumilie kidogo, atacheka nikimaliza.

Zamani mkate na supu havikujuana. Katika mji wa Sibukan, kule visiwa vya Ufilipino, mkate ulikuwa wa kahawa na supu ilikuwa ya kijiko, basi. Ukivikutanisha, watu walikutazama kana kwamba umevaa kiatu kimoja na ndara moja.

Mwokaji wa mji alikuwa mzee Ambrosio, ambaye wote walimwita Tay Ambo, kwa kuwa huko baba huitwa Tay. Alioka mikate midogo ya chumvi katika tanuri la kuni, ikatoka na gamba gumu linalolia ukilimega. Alikuwa na binti mmoja tu, Pasing, ambaye ndiye angerithi tanuri. Pasing akapenda sufuria. Akafungua kibanda cha batsoy sokoni, mkabala na duka la baba yake. Batsoy ni supu ya tambi. Mifupa ya ng'ombe huchemshwa mpaka uboho utoke wenyewe, halafu juu huwekwa maini, kitunguu saumu cha kukaanga na ngozi ya nguruwe iliyokaangwa ikawa kavu. Harufu yake, jamani, ilimtoa mtu kitandani.

Mzee akanuna. Hakumgombeza binti yake wala hakumfukuza nyumbani. Alinuna tu, na Tay Ambo akinuna alinuna kikwelikweli.

Basi ukafika mwaka meno yakaanza kumtoka. Mkate wake mwenyewe ukamshinda kutafuna. Angeoka laini, lakini mwokaji gani atatangazia mji mzima kwamba kinywa kimebaki ufizi? Akaendelea kuoka mikate migumu na kulala na njaa. Pasing akaona shati la baba yake linavyompwaya, na roho ikamuuma.

Sasa sikilizeni desturi ya watu wale. Anayekula lazima amkaribishe apitaye, na anayekaribishwa lazima akatae. Kukubali mara moja ni aibu kubwa. Ni adabu nzuri, sikatai, ila ina kasoro moja: mwenye kushiba na mwenye kufa njaa hujibu maneno yaleyale. Kila asubuhi Pasing aliita, "Tay, karibu tule." Kila asubuhi mzee alijibu, "Kuleni tu, mwanangu, mimi nimeshiba." Pasing akampelekea bakuli hadi dukani, likarudi limefunikwa vilevile. Akamsihi mbele ya wateja, akaharibu kabisa, kwa sababu mzee alizidi kukaza shingo. Binti akajifungia jikoni akalia. Aliogopa kwamba baba yake angekufa kwa adabu.

Siku moja soko limejaa, Pasing akavuka barabara amebeba bakuli la mchuzi mtupu, hata tambi moja hamna. Hakumkaribisha. Alisema, "Tay, nimekwama. Wateja wananiambia supu ya leo haijakolea, na mimi ulimi wangu umezoea, sijui tena. Nionjee."

Mzee akamtazama. Kuonja hakukuhesabiwa kula, na mpishi akiomba kuonjewa hakataliwi. "Kijiko kiko wapi?" akauliza.

"Nimesahau, Tay."

Hakusahau. Mzee akaguna, akachukua mkate wake mmoja, akaumega, akauchovya. Gamba likanywa mchuzi, likalegea, likateleza kinywani bila kuhitaji jino. Tay Ambo akafumba macho. Alipofumbua, alisema kwa sauti ya fundi, "Chumvi bado."

Pasing akakimbia, akatia chumvi chembe mbili za kusingizia, akarudi na bakuli limejaa. Mzee akamega tena. "Kitunguu saumu kimepungua." Binti akaenda, akarudi. "Sasa umezidisha maji." Akaenda, akarudi. Wateja wakaacha kula wakawa wanatazama, na mama mmoja muuza samaki akataka kusema neno, mwenzake akamfinya. Mkate wa kwanza ukaisha, ukaja wa pili, na mzee bado alikuwa akikosoa, jasho la shibe likimtiririka usoni.

Mwishowe akafuta bakuli kwa kipande cha mwisho, akakila polepole. "Hapo sasa imekolea," alisema. Kisha akaongeza, bila kumtazama binti yake, "Kesho usiipike peke yako. Niite nionje."

Pasing aligeuka haraka, akafuta macho, akasingizia moshi. Kuanzia hapo alimwita kila asubuhi, na mzee alikuja na mikate yake kapuni, akanenepa tena, akaanza tena hata kutania watu. Wateja walipoona mkate unavyolainika, nao wakauchovya.

Na tangu siku hiyo, Sibukan hawali batsoy bila mkate. Mchuzi ukikuishia na mkate ungalipo mkononi, unasukuma bakuli mbele na kusema, "Bado haijakolea." Hata kama chumvi inakuwasha ulimi, mpishi habishi. Anachota, anamimina, hadai kitu. Huenda wewe ni mlafi tu, huenda una njaa usiyoweza kuitaja mbele za watu. Yeye haulizi.