Neno Alilolifuta Fisi

Haya, kaeni vizuri, na anayepiga miayo akalale kwao.

Mwaka ule mvua iligoma. Visima vilikauka, ikabaki chemchemi moja tu, kando ya baraza la Mfalme Simba. Simba, kwa majivuno yake, hakutaka kusikia kwamba nchi yake ina kiu. Basi Fisi, mshauri wake, akamnong'oneza: "Mtukufu, kiu ni neno tu. Tulifute. Atakayelitamka anyimwe maji, na fungu lake nitalihifadhi mimi."

Kulihifadhi wapi? Tumboni, wapi kwingine!

Kasuku wakapangwa juu ya kila mti wasikilize. Na kasuku mnawajua: masikio wazi, akili nusu kibaba. Hawakujali maana. Popote iliposikika "kiu", hata katikati ya neno jingine, walipiga kelele: "Kasema!" Swala alisema "kiumbe", akanyimwa maji. Kima alisema "nikiugua", akanyimwa. Wanyama wakawa wanaongea kwa kuogopa ndimi zao wenyewe, na Fisi akazidi kunenepa, mlafi yule.

Siku moja mama yake Sungura, bi kizee wa watu, alijishika kifua akalalamika: "Mwanangu, kiungulia kinanimaliza."

"Kasema!"

Siku tatu hakuonja hata tone. Midomo ilimpasuka, ulimi ukawa mzito. Sungura alimtazama, moyo ukamuuma, kisha hasira zikampanda. Akaapa kwamba mama yake atakunywa leo hii, au yeye si Sungura. Akamwegemeza begani, wakakokotana mpaka barazani. Fisi alikuwa amekaa karibu na Simba, anajilamba.

"Shikamoo, Mheshimiwa Fisi," alisema Sungura. "Kuna nyati amekufa bondeni. Wenzangu wamenituma nikuulize, tukukatie wapi? Paja?"

"Marahaba, marahaba!" Mate yalimdondoka Fisi. "Paja la nini? Paja wape maskini wenzako! Mimi nataka kiuno, tena chenye mafuta!"

"Kasema! Kasema!"

"Nimesema kiuno, wajinga nyie!"

"Kasema tena!"

"Mtukufu, ukiuliza maana yake..."

"Mara ya tatu hiyo!"

Sungura aliinama asionekane anacheka. Simba alijikuta pabaya. Amri ilikuwa yake, na kuitangua mbele ya wote ilikuwa ni kujivua nguo. Akanguruma: "Mfukuzeni! Na kiumbe yeyote atakayempa hata tone, nitamrarua!"

Fisi akatimuliwa kwa mateke. Kisha baraza zima likawageukia kasuku, maana kila mmoja alikuwa amesikia alichokisema Mfalme. Kasuku walifungua midomo, wakatazamana, wakaifumba. Wambea wakubwa, leo wamepoteza sauti!

Sungura hakungoja. Alimshika mama yake mkono, wakaelekea chemchemini.

"Mnakwenda wapi nyie?" aliuliza Simba.

"Kunywa maji, Mtukufu," alijibu Sungura kwa sauti ya kusikika na wote. "Mama yangu ana kiu."

Simba akawatazama kasuku. Kasuku wakatazama kucha zao.

Bi kizee akapiga magoti, akanywa mpaka akapaliwa. Alipoinua kichwa, Swala na Kima walikuwa wameshapanga foleni nyuma yake.