Kidawa na Chungu cha Matete

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa nini?"
"Sema wewe, sisi tunasikia!"

Sikuwapo mimi, wala babu yangu hakuwapo, lakini neno lilikuwapo, na neno halina kaburi. Sogeeni basi. Aliye nyuma aje mbele, aliye mbele asisinzie.

Palikuwa na mji, na mji ule uliitwa Makutani. Juu kilima, katikati soko, chini bonde, na ubavuni mto uitwao Kivumi. Kileleni walikaa wenye nyumba za ghorofa. Sokoni walikaa wenye maduka. Bondeni walikaa wenye mikono, wale wanaoamka alfajiri kuwajengea wa juu na kuwabebea wa kati.

Zamani masika yalikuwa na adabu. Yalibisha hodi kwa mawingu, yakanyesha, yakaaga. Lakini watu wa Makutani wakakata miti ya kilima, wakachoma mkaa. Wakaufunika mfereji wa soko kwa vibanda na taka. Wakafukia kinamasi cha matete kilichokuwa baina ya mto na bonde, na juu yake Sultani Mbaruku akajitengenezea bustani ya kupunga upepo. Mbingu nazo zikageuka. Kiangazi kikawa kikali hata mbuzi wakagombania kivuli cha punda. Na mvua ikija, haibishi hodi tena, inavunja mlango.

Mwaka mmoja ikavunja kweli. Kivumi kikapanda, kikakosa pa kupumzika, kikaingia Bondeni, kikazoa vitanda na watu waliolala juu yavyo. Waliokufa wiki ile walizikwa Kileleni, maana Bondeni hapakubaki ardhi kavu ya kuchimba kaburi. Jamani, mji unaopandisha maiti zake kilimani ni mji ulioshindwa.

Waziri wa Sultani akasema mgongo unamuuma, akajiuzulu. Sultani akamwita Kidawa.

Kidawa huyu alikuwa binti wa Bondeni. Alisomea ujenzi ng'ambo, akarudi na ulimi mwepesi na subira fupi. Mama yake alikufa zamani. Aliyemlea ni bibi yake, Bi Mize, kikongwe asiyeweza tena kutembea, na nyumba ya Bi Mize ilikuwa Bondeni palepale. Siku ya mafuriko majirani walimpandisha bibi juu ya kabati, akakaa huko kutwa nzima, maji yakimlamba vidole.

Sultani akasema, "Kidawa, nipangie mji. Nataka mji utakaokaa na mvua hii na jua hili, wajukuu wangu waukute."

Kidawa akasema, "Nitaupanga, Bwana wangu. Lakini niahidi jambo moja mbele ya baraza: hapatakuwa na mtu aliye juu ya mpango."

Sultani alikuwa amekwisha kula, ameshiba, na ahadi ya mtu aliyeshiba ni nyepesi. Akasema, "Naapa kwa kiti changu. Hapana aliye juu ya mpango." Wazee wote wakasikia. Nanyi mmesikia?

"Tumesikia!"

Haya. Kidawa akafunga safari.

Akapanda Kileleni kwa Mwinyi Faraji, mkuu wa mtaa ule. "Shikamoo, Mwinyi."

"Marahaba, mwanangu."

"Mwinyi, tuache kukata miti, tupande mingine. Na viwanja vile vitupu tuwape watu wa ukingoni mwa mto, wahamie."

Mwinyi Faraji akakuna ndevu. "Jambo jema sana. Lakini kwangu hapana. Kwa jirani sawa."

Akashuka Sokoni kwa Bi Mwanatumu, mkuu wa wafanyabiashara, mama wa sauti nzito na bangili nyingi. "Shikamoo, mama. Tuondoe vibanda juu ya mfereji, maji yapate njia."

Bi Mwanatumu akacheka mpaka bangili zikacheka naye. "Jambo jema sana, mwanangu. Lakini kwangu hapana. Kwa jirani sawa."

Akashuka Bondeni kwa Mzee Ngwali, aliyemjua tangu yuko mgongoni. "Shikamoo, babu. Nyumba zilizo mdomoni mwa mto tuzihamishe, zipande juu."

Mzee Ngwali hakucheka. Macho yake yalikuwa mekundu; mkwewe alikuwa miongoni mwa waliozikwa. Akasema, "Mwanangu Kidawa, sisi tumekufa, halafu sisi ndio tuhame? Waambie wa juu kwanza. Kwangu hapana..."

"Kwa jirani sawa!" Ndiyo, mmeshaijua.

Kidawa akarudi nyumbani, akajitupa mkekani. Akasema, "Bibi, nimeshindwa. Kila mtu anataka mji upone, na kila mtu anataka dawa anywe mwenzake."

Bi Mize alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Ulipokuwa mdogo wewe na binamu yako mlipigania muhogo. Nilifanyaje?"

"Ulimwambia yeye akate, mimi nichague."

"Na alikata vipi?"

"Sawasawa. Alipima mpaka kwa kucha."

Bibi akaendelea na mchele wake. Kidawa akainuka mkekani, akaenda mtoni kuchuma matete machache yaliyosalia.

Siku ya baraza, ukumbi wa Sultani ulimwagiwa mchanga. Kidawa akauchora mji wote pale: kilima, soko, bonde, mto. Akasema, "Wazee wangu, mimi sijui tena. Pangeni nyinyi. Mtakachokubaliana, Sultani atakipiga muhuri."

Wakafurahi hao! Mwinyi Faraji akachukua fimbo, akachora ukuta mrefu kuzunguka Kileleni. Bi Mwanatumu naye akachora ukuta, ukalizunguka soko. Bustani ya Sultani haikuguswa. Na maji je, yaende wapi? Wakachora mkono mmoja mkubwa wa mto, ukaenda moja kwa moja Bondeni. Mzee Ngwali akapiga kelele, "Mnatuua!" Lakini alikuwa peke yake, na sauti moja katika kelele za wengi ni kama chumvi baharini.

Kidawa akauliza, "Mmekubaliana?"

"Tumekubaliana!"

"Mmekubaliana?"

"Tumekubaliana!"

"Mmekubaliana kweli?"

"Tumekubaliana, binti, usituchoshe!"

Basi Kidawa akatoa chungu chenye mdomo mwembamba, akakiweka katikati ya mchanga. Akasema, "Ndani ya chungu hiki kuna jiwe la Kileleni, kibaba cha Sokoni na tete la Bondeni. Kila mkubwa atatia mkono. Atakachotoa, huko ndiko atakakohamia na watoto wake kabla ya masika. Mkataji amekwisha kata, sasa achague."

Kila mkubwa akaficha mkono nyuma.

Mwinyi Faraji akasimama. "Huu ni uhuni!"

"Si uhuni, Mwinyi. Umesema mpango ni mzuri. Nani anaogopa kukaa ndani ya kitu kizuri?" Halafu Kidawa akageuka, akapiga goti mbele ya kiti. "Na kwa kuwa hapana aliye juu ya mpango, mkono wa kwanza ni wako, Bwana wangu."

Hapo, jamani, hata mimi ningetoka nje. Sultani Mbaruku akaiva uso. Askari mlangoni wakakaza mikuki. Kidawa akaona mwisho wake: akaiona barabara ya kufukuzwa, akamwona bibi yake juu ya kabati, peke yake. Lakini ahadi ilikuwa imetamkwa mbele ya watu, na mtu mkubwa hafungwi kwa kamba, hufungwa kwa ulimi wake. Sultani akakunja mkono wa kanzu, akautia chunguni, akautoa.

Tete.

Nanyi fungeni midomo, msimwambie mtu: mle chunguni hamkuwa na jiwe wala kibaba. Mlikuwa na matete matupu.

Sultani akalitazama lile tete. Akautazama mchanga, ule mkono mkubwa wa maji unaoshuka Bondeni. Akauliza kwa sauti ndogo, "Wanangu walale hapa?"

"Ndipo mlipoyaelekeza maji," akasema Kidawa.

Bi Mwanatumu alikuwa ndiye wa pili kuchota. Akakitazama chungu kama anayetazama nyoka. Akasema, "Ngojeni kwanza. Ngojeni jamani. Kabla sijatia mkono, ule mkono wa maji tuupunguze."

"Tuupunguze!" akasema Mwinyi Faraji, naye jasho linamtoka. "Na huku juu, miti ikipandwa, maji hayatashuka kwa kishindo."

"Na mfereji ukifunguliwa," akasema Bi Mwanatumu, "mengine yatapita kati."

Mzee Ngwali akainua kichwa. "Mkitupa viwanja vya juu kwa haki, si kwa fadhila, nyumba za ukingoni nitazihamisha mimi mwenyewe."

Wakafuta mchanga kwa miguu, wakachora upya, wamepiga magoti wote, kilemba kwa kilemba. Wakafika penye bustani. Fimbo ikasimama. Hakuna aliyethubutu. Sultani akashuka kitini, akaichukua fimbo, akachora duara kubwa juu ya bustani yake. "Hapa matete yarudi," akasema. "Mto nao unahitaji pa kulala."

Jua lilipokuwa linaelekea kutua, Kidawa akauliza, "Sasa tuchote?"

Wakatazamana. Mwinyi Faraji akasema, "Mji huu, popote nitakapoangukia, nitalala. Sina haja ya kuchota." Na kila mmoja akasema vivyo hivyo. Kidawa akakibeba chungu chake haraka haraka, kabla hajatokea mdadisi.

Kazi ikaanza. Msidhani ilikuwa rahisi. Kuchora ni mchangani, kuchimba ni mgongoni. Vibanda vikavunjwa na kujengwa pembeni, chini ya miti michanga, miembe na mikungu, ili mnunuzi na muuzaji wapate kivuli. Mkaa ukapigwa marufuku kilimani. Kuta za bustani zikabomolewa, kinamasi kikachimbwa, matete yakapandwa. Na Kidawa mwenyewe akapima mstari Bondeni: walio chini ya mstari wahame, walio juu yake wabaki. Nyumba ya Bi Mize ikaangukia juu ya mstari, lakini kidogo tu, upana wa ua.

Masika ya kwanza yakaja, yakawa manyunyu. Watu wakanung'unika, "Tumechimba bure." Masika ya pili yakaja, yakawa mepesi. Wakanung'unika tena, "Huyu binti katuchosha bure." Masika ya tatu yakaja. Hayo, ndugu zangu, yalikuja na meno.

Ilinyesha mfululizo hata majogoo wakasahau kuwika. Asubuhi moja, akiwa kazini Kileleni, Kidawa akasikia Kivumi kikivuma kama ng'ombe aliyechinjwa vibaya. Akakimbia Bondeni na vijana na machela.

"Bibi, twende juu!"

Bi Mize alikuwa amekaa kitandani, kanga begani. "Mstari uliupima nani?"

"Mimi."

"Ni wa kweli au si wa kweli?"

"Bibi, ni hesabu tu. Naweza kuwa nimekosea."

"Majirani zangu wote wamebaki kwa sababu walikuamini. Wewe ukimbeba bibi yako ukimbie, watafahamu nini?"

Kidawa akawarudisha vijana. Akaketi kitandani, akamshika bibi mkono, akasikiliza. Maji yakaja. Yakaingia mwisho wa shamba la mihogo. Yakalifikia banda la kuku. Yakaufikia ua, yakaanza kupenya chini yake kama vidole vinavyotafuta kitu. Kidawa akalitazama kabati, akapima kwa macho kama litawabeba wawili.

Kisha sauti ikabadilika.

Ule mvumo ukatawanyika, ukawa kama watu wengi wanaonong'ona. Maji yalikuwa yameyafikia matete. Yakaingia humo, yakatanuka, yakalala. Kidawa akatoka nje, akasimama penye ua. Maji yalikuwa yakigusa nguzo ya chini. Akasubiri. Yakagusa palepale. Akasubiri tena. Palepale. Akachomeka kijiti penye ukingo wa maji, akasubiri kwa mara ya tatu, na maji yakakiacha kijiti nyuma, yakarudi.

Kidawa akaketi kwenye matope kwa kanga yake nzuri. Alitaka kucheka, kikatoka kilio. Alitaka kulia, kikatoka kicheko. Majirani wakaanza kutoka mmoja mmoja milangoni, wakitazama miguu yao mikavu kana kwamba wameiazima.

Mara akatokea mtu barabarani, kanzu ameifunga kiunoni, miguu imejaa tope mpaka magotini. Alikuwa Sultani Mbaruku, peke yake, pumzi zinamtoka. Akaita toka mbali, "Kidawa! Nani hayupo?"

Kidawa akafuta uso. "Wote wapo, Bwana wangu. Wote. Hata kuku."

Sultani aliegemea nguzo ya ua, akafumba macho, akashusha pumzi ndefu ambayo alikuwa ameibana tangu siku ile maiti zilipopanda kilima. Ndani, Bi Mize akaita, "Nani huyo anayehema mlangoni kwangu? Aingie, chai ya tangawizi iko motoni. Ila anawe miguu kwanza!"

Akanawa, akaingia, akanywa.

Ngano yangu imetua mzigo. Penye utamu gawaneni, penye uchungu niachieni mimi. Na anayejua nyingine azibue koo lake, langu limekauka.