Glavu ya Katani kwenye Gari la Mzee Tembo

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Na ndoo mbili za povu!
Na nani wa kusugua?
Yule yule wa jana!

Hapo kale, magari yalipoanza kuingia porini, Pimbi aliosha gari la Mzee Tembo kivukoni. Gari jeusi, linang'aa hata nyani walikuja kujitazama meno. Malipo yake kikapu cha viazi, na watoto wa Pimbi hawakuwa na chakula kingine.

Pimbi alikuwa na glavu mbili. Ndogo ilikuwa ya sufu ya kondoo, ya kuoshea bodi. Mchanga ukinasa, ulizama ndani ya manyoya, naye aliusuuza kwenye ndoo ya pili kabla ya kurudi kwenye sabuni. Swa, swa, swa. Kubwa ilikuwa ya katani, ya matairi tu. Kwaru, kwaru, kwaru.

Siku moja akatokea Ngiri, shingo nene, tumbo halishibi.

"We Pimbi, ondoka! Kuanzia leo naosha mimi, viazi nakula mimi."

"Kaka Ngiri, na wanangu je?"

"Watafune povu."

Pimbi akaikumbatia glavu ya katani, akaangua kilio.

"Chukua ndoo, kaka. Chukua hii ndogo. Lakini hii kubwa niachie, nakusihi!"

"Kumbe utamu uko hapo!" Ngiri akaipokonya. "Hicho kijisufu kawavalishe wanao."

Ngiri akasugua mlango. Kwaru! Akasugua boneti. Kwaru! Akasugua paa. Kwaru! Povu likaficha kila kitu.

Mzee Tembo akaja, akamwaga maji. Povu likashuka. Loo! Mikwaruzo gari zima.

"Nani?"

"Mimi, Mzee, lakini glavu ni ya Pimbi!"

"Pimbi, ulimpa?"

"Shikamoo, Mzee. Alinipokonya. Nilimsihi, nikalia."

Mkonga ukainuka. Pwaa! Ngiri akatua ng'ambo ya mto, marufuku kugusa gari tena.

Pimbi akacheka kichinichini, akanyoosha mkono achukue kikapu.

"Viazi vya nini?" Mzee Tembo akauliza. "Sugua mikwaruzo hiyo kwa glavu yako laini. Ikiisha, utakula."

Pimbi akasugua. Swa, swa, swa. Mkwaruzo hautoki kwa kuoshwa. Yeye alilijua hilo kuliko wote. Watoto wakaja, wakasimama kando.

"Baba, bado?"

"Bado kidogo."

Swa, swa, swa. Ng'ambo, Ngiri aliyekatazwa kazi alikuwa amelala kivulini, anakoroma.

Hadithi yangu imekaukia hapo; mwenye kitambaa aifute. Na funzo lake, wanangu, ni hili: rangi ya gari iguseni kwa upole, maana ikikwaruzika kila mtu ataona. Mnyonge msugueni kwa katani. Yeye hukwaruzika ndani tu.